Majani ya njano kwenye akwaponiki: upulizie, utie majini, urekebishe pH au uozeshe kinyesi?

Kwenye bustani ya udongo, majani yakianza kugeuka njano unaweza kujaribu mbolea hii, ikishindikana ile, na udongo ukakuvumilia. Akwaponiki, yaani kufuga samaki na kulima mboga kwa maji yaleyale, haina uvumilivu huo. Maji yanayofyonzwa na mizizi ya sukuma wiki ndiyo hayohayo yanayopita kwenye matamvua ya sato, na ndimo wanamoishi bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa nitrati. Gramu yoyote unayotia kwa ajili ya mmea inawafikia samaki na bakteria pia. Kwa hiyo mkulima mwenye kitanda cha mboga za njano hujikuta kati ya washauri wanne: wa kwanza anamwambia apulizie majani, wa pili atie kirutubisho kwenye tangi, wa tatu anasema tatizo ni pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (namba ikishuka, asidi imezidi), wa nne anasema kila kitu kimo kwenye kinyesi cha samaki, kazi ni kukiozesha tu.

Wote wanne wanasema kweli, kila mmoja kwa mfumo wake. Nimezipitia njia zote nne kwenye mfumo wa tangi la lita 1,000 nyumbani, na nitaziweka hapa ubavu kwa ubavu ili uone ipi inakufaa wewe.

Nilianza kwa kukosea. Vitanda vyangu vya kwanza, Kigamboni, nilivijaza kokoto nyeupe za mawe ya chokaa, aina inayochimbwa Kunduchi, kwa sababu zilikuwa karibu na bei nafuu. Mchicha uliota vizuri wiki tatu, kisha majani machanga yakawa njano huku mishipa yake imebaki kijani. Kwenye duka moja la pembejeo nikauziwa salfeti ya chuma. Nikaitia. Maji yakapata rangi ya kutu, kutu ikatua chini ya tangi, na majani yakazidi kupauka. Nilipopima pH nikakuta 8.2. Chuma nilikuwa nacho tele, lakini kilikuwa kimeganda kuwa kutu ambayo mzizi hauwezi kuinywa. Tangu hapo, kabla ya kuchagua dawa, najiuliza swali moja: kirutubisho hakipo, au kipo ila kimefungwa?

Soma jani kwanza

Angalia njano ilikoanzia. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu ni virutubisho vinavyohama. Mmea ukipungukiwa huving'oa kwenye majani ya chini na kuvipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo dalili huanzia kwenye majani ya zamani. Chuma, kalsiamu, manganisi na boroni havihami. Vikishaingia kwenye jani vimekaa, na upungufu wake huonekana kwenye majani machanga.

Jani la chini likipauka lote, mishipa na yote, shuku naitrojeni. Hapo usikimbilie dawa yoyote, pima chakula cha samaki kwanza. Mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa mifumo midogo ni gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani, na gramu 50 hadi 80 kwa mimea ya matunda kama nyanya. Ukiwa na mita tatu za mchicha na unatupa gramu 60 tu kwa siku, mmea una njaa ya kawaida kabisa. Ongeza samaki wanaokula, au punguza mimea. Mfumo ambao haujatimiza miezi miwili nao huwa na maji mepesi. Ukiona weupe kidogo wakati huo, subiri.

Jani la chini likiungua kingo na kuwa kama karatasi iliyopitiwa na moto, ni potasiamu. Likiwa njano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, ni magnesiamu. Rangi ya zambarau upande wa chini huashiria fosforasi, lakini hiyo huonekana mara chache kwa sababu chakula cha samaki kina fosforasi ya kutosha.

Jani changa likiwa njano katikati ya mishipa, na hali ikizidi likawa karibu jeupe, ni chuma. Huu ndio upungufu wa kwanza ninaoutarajia kwenye akwaponiki yoyote, kwa kuwa chakula cha samaki hutengenezwa kwa mahitaji ya samaki, na samaki hahitaji chuma wala potasiamu kwa kiwango cha mmea. Manganisi hufanana na chuma, ila mpaka kati ya kijani na njano hauwi mkali, na mara nyingine hutokea vidoa vya kahawia.

Saladi iliyoungua ncha za majani ya moyoni, au nyanya yenye doa jeusi kitakoni, ni kalsiamu. Lakini kalsiamu huenda imejaa kwenye maji na mmea umeshindwa tu kuifikisha inakohitajika. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda mmea unapotoa jasho, kwa hiyo hewa nzito isiyotembea, au maji yanayokatika mara kwa mara kitandani, huizuia njiani.

Pia ng'oa mche mmoja uangalie mizizi. Mizizi ya kahawia, yenye utelezi na harufu, haiwezi kunywa hata ukiimwagia nini. Maji yakipita nyuzijoto 30 na hewa ikawa haba, ugonjwa wa mizizi huleta njano inayofanana kabisa na njaa. Geuza jani pia uangalie chini yake: utitiri na nzi weupe wamesababisha watu wengi kununua mbolea wasiyoihitaji.

Kisha pima pH asubuhi, kabla hujalisha. Mimea ingependa 5.5 hadi 6.5, bakteria wangependa kupita 7, nasi tunakutana katikati, 6.8 hadi 7.0. Ikiwa yako ni 7.5 na kuendelea, chuma na manganisi vinaweza kuwa vimefungwa. Chukua kokoto moja iliyokauka, idondoshee siki. Ikitoa povu, ina chokaa, na itaendelea kupandisha pH siku zote. Kokoto ngumu za kijivu, kama zile zinazoletwa Dar kutoka Lugoba, kwa kawaida hazitoi povu, lakini jaribu hata hizo kabla hujalipa.

Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima njia zote kwa mambo haya: kasi ya mmea kuitika, inadumu kiasi gani, yaani inagusa chanzo au inafunika dalili, hatari yake kwa samaki na bakteria, mfuko, yaani gharama na upatikanaji, na kazi, yaani vipimo na uangalizi inaohitaji. Kisha nitasema inamfaa nani.

Kuna mambo manne yanayokatazwa kwenye njia zote. Usitie mbolea za dukani kama CAN, Urea, DAP wala NPK kwenye maji. CAN ndiyo inayodanganya wengi kwa kuwa ina kalsiamu, lakini nusu ya naitrojeni yake iko katika hali ya amonia, na amonia huua samaki. Usitumie mrututu wala dawa yoyote ya ukungu yenye shaba. Usipandishe pH kwa magadi au kwa soda ya kuokea, kwani sodiamu haitumiki na mmea, inajikusanya, na inashindana na potasiamu kuingia kwenye mizizi. Na usitie kitu kipya siku ambayo samaki wanaonekana wanyonge.

Njia ya kwanza: kupulizia majani

Unayeyusha kirutubisho kwenye maji safi na kukipulizia juu na chini ya majani, asubuhi na mapema au jioni jua likishalegea.

*Kasi.* Hakuna inayoishinda. Jani changa lenye njaa ya chuma huanza kurudisha kijani ndani ya siku nne mpaka saba. Jani la zamani lililoungua kingo halirudi, hilo lichume.

*Kudumu.* Hapa ndipo ilipo dhaifu. Majani yanayozaliwa baada ya kupulizia hayakupata kitu, hasa kwa chuma na kalsiamu visivyohama. Utarudia kila wiki, na chanzo kinabaki palepale.

*Samaki.* Salama, ukifunika tangi na kupulizia kidogo bila kulowesha mpaka idondoke. Shida iko kwenye chupa za mchanganyiko wa virutubisho vidogovidogo, ambazo nyingi zina shaba na zinki. Soma kibandiko. Usiongeze sabuni kwenye dawa ili ishike jani, maana sabuni inaharibu matamvua.

*Mfuko.* Nafuu kuliko zote. Chumvi ya Epsom, ambayo ni salfeti ya magnesiamu, gramu 10 kwa lita moja, inatosha vitanda kadhaa. Pakiti ndogo ya chuma cha kelati (nitakieleza kwenye njia ya pili) hukaa miezi. Kwenye pwani na Zanzibar kuna wanaotumia pia maji ya mwani uliooshwa chumvi na kulowekwa. Mwani una potasiamu nyingi, lakini usipooshwa vizuri unapuliza chumvi ya bahari kwenye mboga.

*Kazi.* Ndogo kwa siku, kubwa kwa mwaka.

*Inamfaa nani.* Mwenye mboga zilizobakiza siku kumi kuvunwa, na yeyote ambaye hana uhakika wa ugonjwa. Kwangu faida yake kubwa ni kupima. Chagua jani moja changa la njano, lifunge uzi mwekundu, lipulizie chuma. Jirani yake lifunge uzi mweupe, lipulizie Epsom. Mengine yaache. Baada ya wiki moja linalorudi kijani limekwisha kukupa jibu, na hujatia hata punje moja kwenye maji ya samaki. Mpaka leo naanza na jaribio hili kabla ya kufungua mfuko mkubwa wowote.

Njia ya pili: kutia kirutubisho kwenye maji

Hapa ndipo maneno yanapotakiwa kuwa mengi, kwa sababu bidhaa zinazofanana jina hazifanani kazi.

Anza na chuma. Misumari yenye kutu na salfeti ya chuma havisaidii kwenye maji ya pH 7 na zaidi, kama nilivyojifunza mwenyewe. Unachohitaji ni chuma cha kelati, yaani chuma kilichoshikwa na kiungo kinachokizuia kisigande. Viungo hivyo viko vya aina tatu madukani. EDTA hushikilia mpaka pH ya 6.5 hivi, ikipita hapo hukiachia, kwa hiyo kwa akwaponiki nyingi haifai. DTPA hufika 7 hadi 7.5, nayo ndiyo ya kawaida kwa mfumo uliotulia. EDDHA hufanya kazi hata pH ikipita 8, lakini hugeuza maji yawe mekundu kama juisi ya rosela. Rangi hiyo haidhuru samaki, ila hutawaona kwa siku kadhaa, na kutowaona samaki si jambo dogo.

Kiwango kinachotumika sana ni miligramu 2 za chuma kwa lita, kila wiki tatu. Hicho ndicho mtafiti James Rakocy na wenzake walichotumia Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, kisiwani St. Croix, kwenye mfumo wao wa sato na mboga zilizopandwa kwenye maboya yanayoelea majini. Kwa lita 1,000 hiyo ni gramu 2 za chuma chenyewe. Sasa soma asilimia kwenye pakiti: EDDHA ya asilimia 6 utapima gramu 33, DTPA ya asilimia 11 utapima gramu 18. Wapo wanaopima gramu 2 za unga kisha wanasema chuma hakifanyi kazi. Funika matangi pia, kwa kuwa mwanga wa jua huvunja kelati.

Potasiamu: salfeti ya potasiamu ndiyo rafiki, kwa kuwa haigusi pH. Lakini mifuko ya mbolea huandika potasiamu kwa hesabu ya K2O, yaani oksidi ya potasiamu, si potasiamu halisi. Zidisha namba hiyo kwa 0.83. Mfuko ulioandikwa 50 una potasiamu asilimia 41.5. Ukitaka kupandisha miligramu 20 kwa lita kwenye lita 1,000, pima kama gramu 48, ukiigawa kwa siku tatu au nne. Magnesiamu ni Epsom tena: gramu 100 kwenye lita 1,000 huongeza miligramu 10 hivi kwa lita. Usizidishe kimoja ukidhani unasaidia, maana potasiamu au magnesiamu ikizidi huibana kalsiamu, na utahama kutoka kwenye kingo zilizoungua kwenda kwenye vitako vyeusi vya nyanya.

*Kasi.* Chuma, wiki moja hadi mbili uone machipukizi ya kijani. Potasiamu huchukua muda zaidi, na utaipimia kwenye majani mapya na ladha ya nyanya.

*Kudumu.* Nzuri. Kila jani jipya linapata chake. Lakini chuma hupungua, kwa hiyo ni ratiba ya kudumu.

*Samaki.* Salama kwa viwango hivi. Hatari ni kukosea bidhaa au mzani. Dozi iliyokwisha kuingia utaipunguza kwa kumwaga maji tu.

*Mfuko.* Ghali kiasi. EDDHA hupatikana kwa shida nje ya maduka yanayohudumia mashamba ya maua na vitalu nyumba. Ukiipata, inunue kwa kushirikiana na wenzako wawili watatu.

*Kazi.* Mzani mdogo wa gramu, daftari la tarehe, na kujua ujazo wa maji yako yote, pamoja na yaliyomo kwenye vitanda na mabomba. Kifaa cha kupima wingi wa chumvi majini kinakuambia jumla tu, hakikuambii kipi kimepungua.

*Inamfaa nani.* Anayelima kwa kuuza, anayehitaji mazao yafanane wiki kwa wiki, na yeyote mwenye mfumo wa maboya ya kuelea usio na kokoto.

Njia ya tatu: kurekebisha pH

Njia hii ina sura mbili, kutegemea maji yako. Mtu wa sura ya kwanza akichukua ushauri wa mtu wa sura ya pili, ataharibu.

Wenye maji laini, yaani ya mvua au ya mto yasiyo na chokaa, pH yao hushuka yenyewe. Bakteria wanapogeuza amonia kuwa nitrati hutoa asidi kila siku. Ikishuka chini ya 6, bakteria hao hao hulegea na amonia huanza kupanda. Kwa mtu huyu kupandisha pH ni nafasi ya kulisha. Akitumia chokaa iliyozimwa leo, ameongeza kalsiamu. Akitumia bikaboneti ya potasiamu wiki ijayo, ameongeza potasiamu. St. Croix walikuwa wakipishanisha hivyohivyo, hidroksidi ya kalsiamu (ndiyo hiyo chokaa iliyozimwa) na ya potasiamu, wakiilenga 7.0. Nyumbani naipendelea bikaboneti, kwa sababu hidroksidi ya potasiamu huunguza ngozi na macho. Majivu ya kuni nayo yana potasiamu, lakini ni makali. Yaloweke, yachuje, tia kikombe kimoja kimoja, na usiyaguse kabisa pH ikiwa imepita 6.8.

Wenye maji magumu ya kisima, hasa ukanda wa pwani juu ya miamba ya matumbawe, pH yao haishuki. Chokaa iliyomo kwenye maji humeza asidi yote ya bakteria. Kwao kalsiamu imejaa, kinachokosekana ni chuma, potasiamu na manganisi. Wanachohitaji ni kushusha pH, na hilo ni gumu. Siki na ndimu hushusha leo na kesho inarudi. Asidi ya fosforasi hufanya kazi, lakini itumie kwenye maji ya kuongezea, ndani ya pipa la pembeni, siku moja kabla, kamwe si moja kwa moja kwenye tangi la samaki. Asidi huongezwa kwenye maji, usigeuze. Njia ya upole kuliko zote ni kuvuna maji ya mvua, masika na vuli, na kuchanganya nusu kwa nusu na ya kisima. Acha mvua ya kwanza ioshe bati kwanza.

*Kasi.* Ikiwa kirutubisho kimefungwa, majani hujibu ndani ya wiki mbili. Ikiwa hakipo, pH nzuri haitakiumba.

*Kudumu.* Ndiyo inayogusa chanzo. Nilipotoa zile kokoto nyeupe na kujaza za kijivu, hitaji la EDDHA lilikwisha na nikahamia DTPA.

*Samaki.* Ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote nne. Kwenye pH ya 8 sehemu ya amonia iliyo sumu ni karibu mara kumi ya ile ya pH 7 katika joto lilelile. Ukirusha pH juu kwa haraka huku amonia ipo, umewaua. Songa kwa 0.2 kwa siku, usizidi, na pima amonia kabla ya kupandisha.

*Mfuko.* Chokaa ni rahisi. Kubadilisha kokoto ni jasho la siku mbili na gari la mzigo.

*Kazi.* Kupima mara kwa mara, bila kuruka. Asiyependa kupima aiache njia hii.

*Inamfaa nani.* Mwenye maji laini, ambaye kwake ni njia ya kila siku, na mwenye maji magumu aliyechoka kununua EDDHA.

Njia ya nne: kuozesha kinyesi kwa hewa

Sehemu kubwa ya fosforasi, kalsiamu na madini madogomadogo ya chakula haiyeyuki majini, inatoka na kinyesi kigumu, nasi tunakimwaga nje. Njia hii inakirudisha. Kinyesi kutoka kwenye kichujio huwekwa kwenye pipa la lita 200, pampu ya hewa inakoroga usiku na mchana kwa wiki mbili hadi nne, kisha unazima, taka zinatua, na maji ya juu yaliyo safi yanarudi kwenye mfumo kidogo kidogo.

*Kasi.* Ndogo. Mboga iliyo njano leo haitaponywa na pipa unaloanza leo.

*Kudumu.* Bora kuliko zote kwa mlo mchanganyiko. Lakini haitoi chuma cha kutosha, na potasiamu yake ni kidogo kwa nyanya zinazozaa. Anayekuambia kinyesi kinamaliza kila upungufu pengine analima mchicha peke yake.

*Samaki.* Salama hewa ikiwepo. Umeme ukikatika usiku kucha na pipa likatoa harufu ya yai viza, maji hayo yasirudi kwa samaki. Yamwage kwenye migomba. Hata pipa likinukia udongo, pima amonia yake kabla ya kurudisha.

*Mfuko.* Pipa, bomba na pampu ndogo, pamoja na bili ya umeme. Malighafi unayo.

*Kazi.* Kila siku kidogo. Mwenye vitanda vya kokoto ana njia ya mkato: minyoo ya mboji wachache kitandani hufanya kazi hiyohiyo bila pampu ya ziada, mradi kitanda kijae maji na kukauka kwa zamu na samaki wasiwe wengi kupita uwezo wake.

*Inamfaa nani.* Aliye mbali na maduka, anayetaka kununua vichache, na mwenye samaki wengi kuliko mimea.

Kulingana na hali yako

Hujui ni upungufu gani: pulizia majani mawili yenye nyuzi, subiri wiki. Mengine yote yangoje.

Maji ya kisima cha pwani, pH karibu 8, machipukizi ya njano: tia chuma cha EDDHA sasa ili uokoe msimu huu, huku ukijaribu kokoto zako kwa siki na kutafuta pa kuwekea pipa la mvua. Ukishusha kidogo kidogo mpaka 7.2, hamia DTPA.

Maji ya mvua au ya mto, pH inaelekea 6: chokaa iliyozimwa na bikaboneti ya potasiamu kwa kupishana, pamoja na DTPA kila wiki tatu. Kwa mboga za majani huenda usihitaji kingine.

Nyanya zinazaa, majani ya chini yameungua kingo: salfeti ya potasiamu majini. Kama pH yako iko chini, bikaboneti inafanya kazi zote mbili. Pipa la kinyesi lianze sasa kwa ajili ya zao lijalo.

Nyanya zina doa jeusi kitakoni na kisima chako ni cha maji magumu: usinunue kalsiamu. Hakikisha pampu haisimami mchana, fungua hewa ipite kati ya mimea, na kama unaongeza potasiamu punguza dozi kwa nusu.

Uko mbali na duka lolote, unalisha familia: vitanda vya kokoto zisizotoa povu, minyoo, na pakiti moja ya chuma cha kelati utakayoagiza mtu akienda mjini.

Samaki wanapanda juu kutafuta hewa, na majani nayo ni njano: usitie wala usipulizie chochote. Acha kulisha leo, pima amonia na pH, badilisha robo ya maji kwa maji yenye joto na pH inayokaribiana, ongeza mawe ya hewa. Mchicha utaota tena baada ya wiki tatu.